Kirimaiko

Sanduku liko chini ya kitanda cha shangazi yangu, Majengo, Mombasa. Ni la bati, rangi yake nyeusi imebanduka vipande vipande, na kitasa chake kilikufa kabla sijazaliwa. Shangazi huweka humo vitu vya msiba: sanda, pamba, udi, chupa ya marashi. Toka utotoni nilizoea kuliona likivutwa nje mtu akifa, na kila mara macho ya watu yalikuwa kwenye kilichomo ndani. Siku tuliyomzika baba yangu, mwaka 2016, nilikaa sakafuni wanawake wakikata sanda, kifuniko kimeegemezwa ukutani mbele ya uso wangu, nami nikakisoma kwa mara ya kwanza. Herufi nyeupe zilizopakwa kwa mkono: majina mawili ya kizungu, chini yake PAISLEY, na mwisho herufi mbili zenye vituo, N.B.

Majina yale siyaandiki hapa. Wako watu walio hai wanaoyatumia, na hawajaniomba niwatangaze. Yalikuwa majina ya baba wa babu yangu. Mimi ni kitukuu chake.

Kwamba ukoo wetu una Mzungu ndani yake haikuwa siri, lakini haikuwa hadithi ya kusimuliwa vilevile. Babu alikuwa na macho ya rangi ya asali, na akiulizwa alijibu kwamba babake alikuwa fundi wa meli Kisumu, akanyamaza. Yaliyojulikana yalikuwa machache. Mamake babu alikuwa mwanamke wa hapa Mombasa aliyemfuata kakake, mpishi wa watu wa reli, mpaka Kisumu. Huko akaishi na yule fundi miaka sita hivi. Mwaka 1914 fundi akafa kwa homa, na mwanamke akapanda gari la moshi kurudi pwani akiwa na mtoto wa miaka mitano na sanduku la bati. Baadaye aliolewa tena, na babu akalelewa na nyanya yake.

Halafu kulikuwa na neno moja: Kirimaiko. Sisi watoto tulidhani ndilo jina la yule Mzungu. Maiko, Kirimaiko, tuliona vinafanana. Kumbe tulikosea, na aliyenisahihisha ni shangazi, usiku ule ule wa matanga, nilipomuuliza kwa nini jina la kwenye kifuniko silo lile tulilolizoea.

"Mwanangu, Kirimaiko si yeye," akasema. "Kirimaiko ni kwao. Nyanya alikuwa akituambia: babu yenu ametoka Kirimaiko."

Shangazi alizaliwa mwaka 1938, na mamake babu alikufa shangazi akiwa mwanamke mzima mwenye watoto. Basi neno lile halikupita vinywa kumi. Yule fundi alilitamka, mkewe akalisikia. Mkewe akalitamka, shangazi akalisikia. Kati yangu na Uskoti kulikuwa na wanawake wawili tu. Kwa bahati mbaya nilichukua miaka minne kulitambua hilo, kwa sababu nilikuwa na sanduku lenye maandishi, na mtu mwenye maandishi haoni haja ya kuuliza.

Swali la kwa nini fundi wa Paisley awe Kisumu halikunisumbua sana. Paisley ni mji wa viwanda karibu na Glasgow, na kiwanda cha meli cha Bow, McLachlan cha mji huo ndicho kilichounda nyingi za meli za mwanzo za Ziwa Viktoria: Winifred na Sybil, kisha Clement Hill iliyoshushwa majini mwaka 1907, na baadaye Usoga na Rusinga. Meli haiwezi kupanda kutoka baharini mpaka ziwani. Kwa hiyo iliundwa Paisley na kufungwa kwa boliti tu, kila kipande kikatiwa alama, ikafunguliwa upya, ikasafirishwa kwa vipande mpaka Kilindini, ikapanda reli mpaka Kisumu, na huko ndiko ikapigwa ribiti za kudumu. Kazi hiyo ilihitaji watu waliojua kipande gani kinaingia wapi, na meli zikishaelea zilihitaji wa kuangalia mitambo. Baba wa babu alikuwa mmoja wao.

N.B. ilinipotezea wiki kadhaa. Niliamini ni kifupi cha kaunti, au cha mtaa, nikawa natafuta ramani yenye jina la namna hiyo. Mwishowe nikaelewa ni North Britain, yaani Uingereza ya Kaskazini, namna ambayo watu wa karne ya 19 waliandika Uskoti nzima kwenye barua na mizigo. Herufi mbili nilizozitegemea zilikuwa zikiniambia kwamba mtu huyu anatoka Uskoti. Hilo nilikuwa nikilijua.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cha mpira kilichokauka hata kikawa kinavunjika kama biskuti, kulikuwa na cheti cha uinjinia wa meli kilichotolewa na Board of Trade, idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia mambo ya meli. Nyuma ya cheti pameandikwa mahali na mwaka wa kuzaliwa: Paisley, 1872. Nilifurahi siku hiyo. Nikaingia kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, ambako serikali ya Uskoti imeweka rejista zake, nikawa nanunua ukurasa mmoja mmoja kwa pauni moja na nusu. Watoto watatu wa jina lile walizaliwa Paisley miaka ile. Mmoja alikufa kabla hajatembea. Wa pili alikuwa karani mjini humo humo mpaka uzeeni. Wa tatu alihamia Kanada. Paisley ikafungwa.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya rejista za Waskoti, kwa sababu ni ajabu, na kwa sababu nilizipenda. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko tarehe 1 Januari 1855, na walioupanga walikuwa watu wa kuuliza sana. Cheti cha kifo hutaja baba wa marehemu na kazi yake, na mama wa marehemu kwa jina la ukoo aliozaliwa nao. Cheti cha ndoa hutaja wazazi wa pande zote mbili. Cha kuzaliwa hutaja mpaka saa aliyozaliwa mtoto, na tangu 1861 siku na mahali wazazi walipofunga ndoa. Mwanamke hapotei ndani ya jina la mumewe kama inavyotokea kwenye karatasi za Waingereza. Ukishika cheti kimoja tu, mkono wako umegusa vizazi viwili. Kabla ya 1855 kuna rejista za parokia, nyingine za karne ya 16, lakini hizo zilitegemea kama mzazi alijali kwenda, kama karani alijali kuandika, na kama panya hawakufika.

Baba wa babu angekufa Paisley, mtoa habari angeulizwa jina la mama wa marehemu, na mimi ningemaliza kazi kwa jioni moja. Alikufa Kisumu. Rejista ya huko ilitaka jina, umri, kazi na ugonjwa. Kwenye nafasi ya asili yake karani ameandika neno moja, Scotland, na wino umemwagika juu ya herufi ya mwisho.

Ndipo nikalirudia neno la shangazi. Sikuwa na kingine. Nililitamka kwa sauti peke yangu jikoni, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kiri-maiko. Sisi tukikuta konsonanti mbili zimebanana huzipa irabu zipumue. Nikaanza kuiondoa irabu moja baada ya nyingine. Kirimaiko. Kirkmaiko. Kirkmichael. Kirk ni kanisa kwa Kiskoti. Ni kanisa la Mikaeli. Nikaandika jina hilo kwenye ramani ya intaneti, na mahali hapo pakatokea.

Kisha pakatokea pengine. Na pengine. Na pengine.

Nchi ile ndogo ilikuwa na parokia nne zilizoitwa Kirkmichael: moja Ayrshire, moja Dumfriesshire, moja Perthshire, moja Banffshire. Mtu aliyekulia Mombasa halipaswi kumshangaza hilo. Majengo iko Mombasa, iko Nairobi, iko Moshi, na anayesema "nimezaliwa Majengo" huwa anamwambia mtu anayejua tayari ni Majengo gani anayoikusudia. Mamake babu hakuhitaji kujua kaunti. Yeye aliambiwa kijiji kama mtu anavyomwambia mkewe.

Sensa ndiyo iliyonipa jibu la kwanza, na jibu hilo lilikuwa la uongo. Usiku wa tarehe 5 Aprili 1891 kijana wa miaka 18, mwenye majina yetu mawili, mwanagenzi wa ufundi mitambo, alilala Paisley kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyepangisha vyumba. Mahali pa kuzaliwa: Ayrshire, Kirkmichael. Nilipiga kelele. Nikamwamsha mume wangu. Kwa miezi mitano nikawa nasoma Ayrshire, parokia ile iliyo maili chache kutoka mji wa Maybole, nikipekua kila nyumba, kila shamba. Hakuwepo. Hakuzaliwa huko, hakubatizwa huko, hakuna mama wala baba wala shangazi yake huko.

Niliporudi kwenye ukurasa ule wa 1891 ndipo nikasoma mstari wa juu yake, ambao ningeusoma siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka. Yule mjane mwenye nyumba amezaliwa Maybole.

Fomu ya sensa ilijazwa na mwenye nyumba. Karani alipita kuichukua, akayanakili majibu kwenye daftari lake, na zile fomu hazikuhifadhiwa. Tunachosoma leo ni mwandiko wa karani. Basi nauona mkasa wenyewe hivi: mjane anaulizwa mpangaji wake kazaliwa wapi, anakumbuka aliwahi kulitaja Kirkmichael, na kwake yeye mtu wa Maybole kuna Kirkmichael moja tu duniani, ile iliyo jirani na kwao. Hakudanganya hata kidogo. Alijibu kama ambavyo mtu wa Majengo ya Mombasa angejibu.

Na si watu wadogo tu waliopotezwa hivyo. James Connolly, aliyepigwa risasi Dublin mwaka 1916 kwa ajili ya uhuru wa Ireland, kwenye sensa ya 1911 ameandikwa mzaliwa wa Monaghan, na watu waliamini hivyo kwa muda mrefu. Rejista ya Edinburgh inasema alizaliwa Cowgate, mtaa wa maskini wa Waireland mjini humo, mwezi Juni 1868. Sensa hupokea jibu. Haimwombi mtu shahidi.

Nilimpigia shangazi simu, nikiwa nimechoka na nina hasira kidogo. Nikamwomba anikumbukie chochote kingine ambacho nyanya yake alisema juu ya Kirimaiko. Chochote, hata kama cha kipuuzi. Akaniambia nisimharakishe. Baada ya siku mbili akapiga yeye.

"Kuna mto," akasema. "Mto wa Ani. Nyanya alikuwa akitukataza kucheza bandarini, husema, msiyaamini maji mkiona chini. Maji ya mto wa Ani kwao babu yenu ni maangavu mpaka humpumbaza mtu. Waona yafika magotini, kumbe yazamisha mtu mzima. Hata mzee wa miaka mia hudanganyika."

Nikaandika yote kwenye daftari kama alivyotamka. Kisha nikafanya kosa la pili, na hili linaniuma zaidi ya lile la Ayrshire, kwa kuwa maneno niliyokwisha kupewa yalitosha. Parokia ya Kirkmichael ya Dumfriesshire ina mto mpakani mwake uitwao Water of Ae. Nikasema, Ae, Ani, si mbali. Lile la mzee wa miaka mia nikaliona ni urembo wa masimulizi, nikaliruka. Dumfriesshire nikaikalia majira yote ya mvua.

Parokia ya Banffshire nilikuwa nimeiacha mwisho kwa sababu iko mbali sana na Paisley, juu kaskazini, kwenye milima ya Cairngorm. Kijiji chake kikubwa ni Tomintoul, kilichopimwa na Duke wa Gordon miaka ya 1770, mita 345 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo theluji hufunga barabara hata leo. Wazee wake walisema Kigaeli. Kanisa la Mikaeli liko chini bondeni, kando ya mto. Kwenye ramani mto huo umeandikwa Avon, na nilipousoma hivyo sikushtuka. Nilishtuka nilipojifunza kwamba wenyeji hawautamki kama ulivyoandikwa. Wao husema A'an, na v haisikiki kabisa.

Kisha nikakuta usemi wa zamani wa bonde lile, wenye vina, ambao kila anayeandika juu ya mto huo huutaja: kwamba maji ya A'an ni maangavu kiasi cha kumhadaa mtu wa miaka mia.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mume wangu alidhani nimepokea habari ya kifo.

Fikirini safari ya maneno yale. Yalianza kama onyo la wazee kwa watoto wa mlimani ili wasivuke mto kwa kuuamini. Mtu mmoja akayabeba mpaka Paisley, akayabeba mpaka Kisumu, akamwambia mwanamke wa Mombasa kwa Kiswahili chake cha fundi, kwa namna gani sijui ila alieleweka. Yeye akayatumia kwa kazi ile ile, kuwaonya watoto na maji, ufukweni mwa bahari nyingine kabisa. Hakuna karani aliyeyapitisha mkononi mwake, na hayakupoteza hata neno.

Hata hivyo Banffshire haikuwa na mtoto wa jina letu aliyezaliwa 1872, wala mwaka kabla, wala mwaka baada. Safari hii sikuhama. Nilikuwa na mto.

Nikaacha kutafuta jina la ukoo. Nikachukua sensa ya tarehe 3 Aprili 1881, nikaomba wavulana wote wa parokia ile wenye umri wa miaka saba mpaka kumi ambao jina lao la kwanza ni lile la kwenye kifuniko. Wakaja wachache. Mmoja alikuwa na majina matatu. Mawili ya mwanzo ni yetu, kwa mpangilio ule ule. La tatu ni la ukoo mwingine, ukoo wa bibi kizee mjane aliyeandikwa kichwa cha nyumba. Umri wa mtoto: miaka minane. Uhusiano wake na kichwa cha nyumba: mjukuu. Mama yake hayumo nyumbani.

Waliowahi kusoma rejista za Waskoti wataelewa mara moja. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikwa kwa ukoo wa mamake, na baba hakuandikwa kwenye safu ya baba isipokuwa akubali kuja mwenyewe kwa msajili kutia sahihi pamoja na mama. Lakini hakuna sheria iliyomzuia mama kumpa mtoto wake jina alipendalo. Wanawake wengi wakawapa watoto majina mawili ya baba mzima mzima, la kwake na la ukoo wake, kisha la ukoo wa mama likafuata nyuma. Kijana akikua na kuhamia mji asikojulikana, anachohitaji ni kuacha neno la mwisho.

Cheti chenyewe sikutaka kukisoma kwenye simu. Mwaka 2022 binamu yangu aliolewa Leicester, na baada ya harusi nikapanda treni mpaka Edinburgh. Ofisi ya rejista iko mwisho wa mtaa wa Princes, jengo la karne ya 18 lililobuniwa na Robert Adam. Nililipa pauni 15, nikapewa kiti na kompyuta siku nzima. Mezani palikuwa na watu wa kila namna, wengi wazee, na kila baada ya muda mmoja alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu na wengine wakajifanya hawakusikia.

Ukurasa ukafunguka. Majina matatu. Chini yake, kwa mwandiko ule ule mzuri wa msajili, neno la kizungu ambalo kwetu ni mtoto wa haramu.

Shangazi aliwahi kunieleza kwamba babu alirudi siku moja kutoka chuoni mdomo umepasuka, kwa kuwa aliitwa neno hilo naye akarusha ngumi. Hakurudi tena kwa mwalimu yule. Nilikuwa nimeketi Edinburgh, nikiliangalia neno la babu likiwa limeandikwa chini ya jina la babake, miaka 37 kabla babu hajazaliwa.

Novemba 1872, saa 3:30 alfajiri kwa saa ya kizungu. Kwetu saa tisa na nusu usiku. Mama: mtumishi wa ndani kwenye shamba. Safu ya baba haina kitu. Pembeni pana maandishi madogo yanayomwelekeza msomaji kwenye rejista nyingine, ile ya marekebisho. Nikaiomba. Mahakama ya Banff, mwaka 1873, kwa shauri lililofunguliwa na mama, imeamua kwamba baba wa mtoto ni fulani, kibarua wa shamba. Fulani huyo ndiye mwenye yale majina mawili ya kwenye sanduku letu.

Tazama tarehe. Mtoto alisajiliwa kabla ya mahakama kuamua lolote. Mwanamke yule, mtumishi wa shamba, alimwandikisha mwanawe kwa majina kamili ya mwanamume ambaye hakuja kutia sahihi, kisha akaenda kupigania karatasi ya kumthibitisha. Nilitamani sana kumjua. Kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa nazo zimepigwa picha, na kuzisoma hakulipiwi. Aliitwa mbele yao kama walivyoitwa wanawake wote wa hali yake, akaulizwa waliyomuuliza. Nimeyasoma. Hayo nayaacha mezani kwao.

Mahali: nyumba ya mama yake, parokia ya Kirkmichael, kaunti ya Banff. Mtoa habari: nyanya wa mtoto, aliyekuwapo. Hakujua kuandika. Msajili ameandika jina lake kwa niaba yake, kushoto na kulia, na katikati kuna alama ya X, imeinama upande, mstari mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikaikuza mpaka ikajaza kioo.

Ndani ya sanduku la shangazi, pamoja na cheti cha Board of Trade, kuna risiti ya reli ya mwaka 1914 ya mzigo mmoja, Kisumu mpaka Mombasa. Mpokeaji ametia dole gumba.

Kwa nini aliwaambia Board of Trade kwamba kazaliwa Paisley nadhani naelewa. Angesema Kirkmichael, cheti chake cha kuzaliwa kingetafutwa huko kwa jina la kwenye fomu, na jina hilo halikuwamo kwenye rejista ya Kirkmichael. Mji wenye watu wengi ni salama kwa mtu wa namna hiyo. Aliwaambia serikali Paisley, aliwaandikia wachukuzi wa mizigo Paisley. Kweli alimwambia mkewe.

Nilirudi Mombasa na nakala kwenye bahasha ngumu. Shangazi alikuwa kitandani, miguu imemvimba, sanduku chini yake mahali pake. Nikamsomea yote, nikigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza: saa, mwezi, mama, safu isiyo na kitu, mahakama. Nilipofika kwenye lile neno nikasita. Akasema, "Soma, mwanangu, nalijua." Nikalisoma.

Akauliza, "Na nani alimlea?"

"Nyanya yake. Mama wa mamake."

Hakusema kitu kwa muda. Nje muuza kahawa alikuwa akipita na vikombe vyake vikigongana.

"Jina lake huyo nyanya?"

Nikamtajia. Lilimshinda ulimi mara mbili, la tatu akalipata kwa namna yake, akalirudia tena na tena kwa sauti ya chini. Akaniambia nichukue daftari la ukoo, lile ambalo baba alikuwa akiandika vizazi vyetu, nimwandike yeye kwanza, juu ya wote. Nikamwandika. Kisha binti yake. Kisha mwanamume wa kwenye sanduku, Novemba 1872, saa tisa na nusu usiku.

"Na mahali?" nikauliza, kalamu mkononi. "Niandike Kirkmichael?"

"Wapi?" akasema shangazi.

Nikaandika Kirimaiko.